Nyongeza ya Ami Salem

Kijiko chenyewe kilikuwa kidogo, cha shaba, cha kukorogea kahawa. Mpini wake ulipinda tangu siku Salem, akiwa mtoto, alipokitumia kufungulia kopo la samli, akachapwa. Baba yake, marehemu Mzee Mbaruk, alikuja nacho kutoka Shihiri, Uarabuni, zama za Mjerumani, na alipofariki alimwachia mwanawe duka, mizani, kijiko, na kanuni moja ambayo hakuwahi kuieleza sababu yake. Ukishampimia mteja, kabla hujakunja karatasi, chovya kijiko umwongeze. Asiondoke na kilichopimwa tu.

Basi duka la Salem Mbaruk, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, likajulikana kwa nyongeza. Ukinunua nusu kilo ya sukari, unapata nusu kilo na kijiko. Ukinunua mchele, unapata na punje za kiganja. Ukinunua kiberiti, ambacho hakiongezeki, utapewa tende moja uibugie hapohapo. Mteja husema, "Ahsante Ami, Mungu akuzidishie," naye hujibu, "Atuzidishie sote," bila kuinua macho, maana mkono wake umeshafika kwa mteja anayefuata. Ami ndilo jina mtaa ulilompa, kama ulivyowapa Waarabu wengi wenye maduka, lakini yeye alilivaa likamkaa sawasawa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya mtu aliyechungulia mtaa kutoka nyuma ya kaunta kwa miaka arobaini, na habari za mtaa huo alizijua kabla wenyewe hawajamaliza kuzitenda.

Mwaka wa sabini na sita ikaja habari ya maduka. Mabenki yalikwisha kuwa ya umma, viwanda vikubwa navyo, na nyumba nyingi za ghorofa zilikwisha kubadilisha wenyewe. Sasa zamu ilikuwa ya duka la mtaani: kila mtaa uwe na duka lake la ushirika, mali ya wakazi, liuze chakula na sabuni kwa bei moja kwa kila mtu. Watu wa Kariakoo, walionyonya biashara pamoja na maziwa ya mama, waliipokea habari hiyo kila mmoja kwa uso wake. Wapo walioshangilia kabla hawajaelewa, na wapo waliofunga milango kabla hawajaulizwa. Shemeji yake Salem aliandika barua kutoka Tanga: funga duka, uza mizani, njoo huku tulime minazi. Salem aliisoma barua mpaka mwisho, akaigeuza, akaifungia pilipili manga ya Bi Mboni, mama wa nyumba ya tatu aliyekuwa akiuza vitumbua.

Hata hivyo alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya mali. Mali yenyewe ilikuwa ipi? Magunia manne na pipa la mafuta ya taa. Salem aliogopa baraza. Aliogopa kuamka asubuhi, kunywa chai, kisha akakaa barazani kutazama mikokoteni ikienda soko jipya, hana mtu wa kumwuliza "nikupimie ngapi?" Mkewe Saadiya alimwambia pole kwa usiri wa chumbani, na mchana akamtania kwamba akikosa duka ataanza kumpimia yeye unga wa kupikia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, akaja Mama Theophil. Jina lake Winifrida, Mchaga wa Kibosho, mpiga chapa katika ofisi ya reli kule Gerezani, mwalimu wa kisomo cha watu wazima kila alasiri, na sasa mwenyekiti wa kamati ya duka la ushirika. Alikuwa mfupi, na alitembea kama mtu anayewahi treni. Wenye maduka wa Kichaga wa mtaa wa pili, watu wa kwao kabisa, walikuwa wamekwisha kumnunia, wakisema anawatilia mchanga kitumbua chao.

"Habari za asubuhi, Ami."

"Njema, Mama Theophil. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kununua kiberiti." Akalipa, akapokea kiberiti na tende yake, akaitafuna akiwa bado amesimama. "Na nimekuja kukuomba ugombee."

"Nigombee nini, mimi?"

"Uuzaji. Fremu tutaikodi kwako na mizani tutainunua. Lakini mwuzaji atachaguliwa na wanachama, kwa mikono, mkutanoni. Baada ya miezi sita watakutana tena, waseme kama wanamtaka au hawamtaki."

Salem akacheka kidogo. "Na tajiri wa duka atakuwa nani?"

"Kila mtu uliyempimia jana."

"Hata Kasmir?"

"Hata Kasmir," akasema Winifrida, naye akacheka, kwa sababu Kasmir, kuli wa bandarini aliyekaa nyumba ya nyuma, alikuwa mbishi asiyeamini kwamba mvua imenyesha mpaka atoke nje alowe.

Kisha Winifrida akaacha mzaha. Akamkumbusha mwaka wa njaa, miaka miwili nyuma, siku bwana mmoja mwenye fedha zake alipoleta mkokoteni akanunua sukari yote ya duka kwa mpigo. Bi Mboni alikuja saa nne akakuta gunia tupu, na wiki ile vitumbua havikupikwa. "Uliuza kwa sababu huna kanuni ya kumkatalia," akasema. "Mwenye nazo akija na mkokoteni, utamwambiaje? Sisi tunataka duka lenye kanuni hiyo. Kila kaya kilo mbili kwa mwezi, nusu kilo kila wiki, awe karani mkuu au mchukuzi. Serikali imeondoa malipo hospitalini, na mtoto wa mchukuzi anasoma bure. Sukari nayo ina dhambi gani?"

Salem aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa amemtilia yule bwana hata nyongeza.

Mkutano ulifanyika uwanjani, shule ya msingi, watu wamekalia madawati yaliyotolewa nje. Mpinzani wake alikuwa kijana mwenye tai, aliyesomea ugavi, na alizungumza vizuri mno kuhusu mpango na makadirio. Salem alipoitwa alisimama, akavuta kanzu, akatafuta maneno, akayakosa. Mtu aliyepiga soga maisha yake yote. Mwisho akasema, "Mnanijua," akaketi.

Mikono ikapanda. Ikapanda ya akina mama wenye watoto mgongoni, ya mafundi wa Gerezani wenye vidole vya grisi, ya wapangaji ambao hata hakujua kama wanamjua. Salem aliitazama mmoja mmoja. Duka alizaliwa nalo. Katika miaka hamsini na mmoja hakuna aliyewahi kuuliza mtaa kama unamtaka yeye nyuma ya kaunta. Leo mtaa umeulizwa, na umemtaka. Alipofika nyumbani Saadiya alimkagua uso.

"Baba Zeina, umelia?"

"Vumbi la uwanjani."

"Hilo vumbi limekulowesha mpaka kola," akasema Saadiya, akaenda kumpikia chai yenye sukari tele.

Siku ya kwanza ya duka la ushirika Winifrida alikuja mapema kumpa kanuni. Bei ile iliyobandikwa ukutani. Foleni moja, bila mlango wa nyuma. Na la tatu alilisema polepole, kwa sababu alijua lina uzito. "Nyongeza basi, Ami. Hapo ndipo penye taabu. Gunia hili ni la kaya mia mbili. Ukimwongezea Bi Mboni kijiko, umemchukulia mwenzake bila kumwuliza. Zamani ulikuwa ukitoa chako. Sasa utakuwa ukitoa cha watu."

Salem alikubali, na alikubali kwa moyo, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Kichwa kilielewa. Mkono ndio uliokuwa haujahudhuria mkutano. Alimpimia Bi Mboni nusu kilo, mshale wa mizani ukasimama katikati, mkono ukaondoka wenyewe kwenda kwenye kijiko, akauvuta nyuma kama mtu aliyegusa jiko. Akakunja karatasi. Bi Mboni akaitazama ile karatasi, akamtazama yeye.

"Ami," akasema kwa upole, "umenuna?"

"Hapana, Bi Mboni."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ni kanuni."

Bi Mboni akaondoka akitikisa kichwa. Na wa pili akauliza vilevile, na wa tatu. Kasmir hakuuliza, alisimama tu pale, kifurushi mkononi, akisubiri, mpaka watu wa nyuma wakamwambia asogee. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Ami Salem amepewa cheo na cheo kimempanda kichwani. Hapo Salem akajua alichoachiwa na baba yake. Mtu alipotiwa kile kijiko cha mwisho alijua tu kwamba yeye na mwenye duka hawana neno baina yao. Nusu kilo bila nyongeza, katika mtaa ule, ilikuwa ugomvi.

Aliumwa na jambo hilo wiki nzima. Vingine vyote vilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Alipenda kumwona mke wa karani mkuu akisimama nyuma ya mchukuzi, mwanzoni amebana midomo, baadaye akimshikia mchukuzi yule mtoto wake. Alipenda lori likifika, maana sasa halikuwa lori lake peke yake. Watu thelathini walitoka kushusha magunia bila kuitwa, wakisema "sukari yetu" kwa sauti ya mtu anayepokea mgeni wa heshima. Hakuna haja ya kudanganya mtu: kuna wiki lori halikuja, na kuna mwezi sabuni ilikuwa ni jina tu. Lakini kilichokuja kiligawanywa sawasawa, na Salem aligundua kwamba analala vizuri. Ila kile kijiko. Wiki ya pili akamwendea mkewe jikoni.

"Mama Zeina, wewe unapenda sana chai ya sukari?"

"Kama ninavyopenda pumzi. Kwa nini?"

Akamweleza. Wao nao ni kaya mwanachama. Wao nao wana kilo mbili kwa mwezi, na zile ni zao halali, hakuna wa kuwauliza wanazifanyia nini. Kijiko ni kidogo. Alikwisha kupiga hesabu: kaya mia mbili, mara nne kwa mwezi, kijiko kisichojaa. Zinatosha.

Saadiya alichochea moto mpaka maji yakachemka. Binti yao Zeina alikwisha kuolewa Tanga; ndani walikuwa wawili tu, na moja ya furaha zake kubwa ilikuwa kikombe cha alasiri chenye vijiko vitatu. "Sawa," akasema mwisho. "Lakini uniahidi kitu. Mtu asijue. Mke wa mwenye duka akiwanywesha wageni chai kavu, nitaficha wapi uso wangu?"

"Siyo mwenye duka tena."

"Kwa wanawake wa mtaa huu mimi ni mke wa mwenye duka mpaka nife. Niahidi."

Akamwahidi. Kesho yake chini ya kaunta kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa sukari ya nyumbani, na kijiko cha shaba ndani yake. Bi Mboni alipotiwa kijiko chake uso wote ulimfunguka. "Ahsante Ami, Mungu akuzidishie." Naye akajibu, "Atuzidishie sote," kama zamani.

Sasa Saadiya akawa na kazi ya uongo. Alipotembelewa alitoa kahawa chungu na tende, na alipoulizwa mbona chai imehama, akasema daktari amemkataza vitamu. Hakujua mtaa wake. Siku ya pili ilisemekana ana kisukari. Siku ya tatu miguu yake ilikuwa inamwasha. Ikaanza kuja dawa: mwarobaini umechemshwa mpaka umekuwa mweusi, majani ya mstafeli, mizizi kutoka Kisarawe ambayo Bi Mboni aliifuata mwenyewe kwa miguu yake mibovu. Saadiya alilazimika kunywa mbele yao. Usiku alimwambia mumewe, "Nimeacha chai ya sukari nikapewa shubiri. Hii siasa yenu itaniua nikiwa mzima." Na wote wawili wakacheka mpaka kitanda kikalia.

Mwezi wa sita, Kasmir ndiye aliyeanza kufikiri. Hakuwa na nia mbaya. Kazi ilikuwa imemfundisha. Bandarini alikwisha kuona magunia yanayofika mazima nje na matupu ndani. Alipopewa kijiko alishukuru, akaenda nyumbani, akakaa, akajiuliza: kinatoka wapi? Kitu hakitoki hewani. Kama kila mtu anapata zaidi, lazima yupo anayepata pungufu, na mtu huyo hajitambui. Akamwendea Winifrida, na Winifrida, ambaye alimpenda Salem na ambaye sukari yake ililetwa na mwanawe yeye akiwa kazini, akasema atapima mwenyewe.

Bila kumwambia mtu alikuja dukani Jumamosi, akachukua vifurushi vitatu kutoka vikapu vya akina mama waliokwisha kuhudumiwa, akavipima. Kila kimoja nusu kilo na kitu kidogo juu. Kisha akapima kilichobaki katika gunia. Kilikuwa kamili. Alipima mara mbili, akapanga mawe ya mizani upya, akapima mara ya tatu. Hakuna hata kiganja kilichopungua.

"Ami," akasema, "sukari hii ya juu inatoka wapi?"

Salem alikumbuka ahadi. "Si ya gunia," akasema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Kwa hiyo unaipata kwingine."

Salem akafuta kaunta. Na kwingine, mwaka ule, kulikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa magendo. Winifrida aliondoka dukani akiwa amekunja uso, na kufika Jumatatu neno hilo lilikuwa limeshazunguka mtaa, likapita dirishani kwa Saadiya akiwa anachagua mchele.

Mkutano wa miezi sita ulikuwa Jumapili iliyofuata, uwanja uleule. Kasmir alisimama wa kwanza, kofia mkononi. "Ndugu Mwenyekiti, Mwongozo wa chama unasema aliyepewa dhamana ahojiwe. Mimi Mzee Salem namheshimu, shikamoo yake nampa kila siku. Lakini duka ni letu, na namwuliza mbele ya wenye duka: sukari ya nyongeza anaitoa wapi? Akiwa anatulisha ya magendo, basi na sisi ni wala magendo."

Minong'ono ikapita madawatini. Winifrida akamgeukia Salem. "Ndugu Salem, una haki ya kujibu. Usipojibu, itabidi wanachama waamue bila jibu lako."

Salem alisimama. Alimwona Saadiya upande wa wanawake, amejifunika buibui, ni macho tu. Aliona mbele yake baraza, na mikokoteni, na asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kumpimia. Neno moja lingemwokoa, na neno lenyewe halikuwa lake. "Ni halali," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kusema. Nimemwahidi mtu." Akaketi.

Winifrida alikuwa amefungua mdomo kuita kura pale Saadiya aliposimama. Mwanamke yule hakuwahi kusema mkutanoni hata siku moja. Alikuja mpaka mbele, akatoa ndani ya buibui kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya meza ya mwenyekiti. Ndani yake mlikuwa na kijiko cha shaba na sukari ya kufunika kucha.

"Aliyeahidiwa ni mimi," akasema. "Hii ni sukari yetu, kilo zetu mbili za kila mwezi, tunazonunua foleni moja na nyinyi. Mimi ni mzima wa afya. Nimekunywa chai kavu miezi mitano kwa sababu mlipokosa kutiwa kijiko mlidhani mume wangu amewanunia, na yeye hawezi kuishi mkidhani hivyo. Bi Mboni, dada yangu, Mungu akulipe kwa ile mizizi, lakini sitaki kuiona tena."

Bi Mboni akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka, na kicheko kikatambaa kutoka dawati hadi dawati mpaka uwanja mzima ukawa unatikisika. Kasmir alikuwa amesimama bado, kofia ameikunja kama kitambaa cha kudekia. Akamwendea Salem, akampa mikono yote miwili, na hakuweza kusema kitu. Kwa Kasmir hiyo ilikuwa hotuba.

Lakini Winifrida hakuketi. Alijifuta macho kwanza, ndiyo, na watu walimwona. Kisha akasema, "Hata hivyo ni kosa."

Watu wakaguna.

"Nisikilizeni. Ami anatoa kwa wema, na wema wake umenishinda. Lakini duka hili tulilianzisha ili sukari ya mtu isitegemee wema wa mwingine. Leo tunamshukuru Ami kwa kijiko. Kesho atakuja mwingine mwenye sukari nyingi kuliko yake na moyo mdogo kuliko wake, atatununua kwa kijiko hikihiki, na tutampa kura tukidhani anatupenda. Na tazameni nyumba iliyolipa. Miezi mitano sote tumekuwa na zaidi, na nyumba moja haikuwa na kitu. Huo ndio usawa?"

Alisema kweli, na ukweli wake ulimwuma yeye kuliko wote. Salem mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Ndipo Bi Mboni alipoinuka, akishikilia bega la jirani.

"Mwenyekiti, mimi kisomo umenifundisha wewe. Kila siku unatuambia duka ni letu. Nimekaa hapa nalifikiri. Nyongeza hutolewa na mwenye duka. Wenye duka ni sisi. Basi miezi yote hii aliyenuna hakuwa Ami." Akawatazama wote. "Tulionuna ni sisi. Tutoe nyongeza yetu."

"Kutoka wapi?" akauliza Kasmir, aliyekwisha kupata sauti.

"Kutoka mafungu yetu. Kila mtu akipimiwa, atoe kijiko kimoja atie koponi. Na kutoka koponi atiwe kijiko."

"Yaani mimi nitoe kijiko, halafu nipewe kijiko?"

"Ndiyo."

"Kilekile?"

"Kilekile, au cha mwenzako. Utakijuaje?"

Uwanja ukaangua kicheko tena, lakini Winifrida hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeona jibu la hesabu. Akasema wazo ni zuri, ila lipunguzwe nusu ya upuuzi. Kila kaya itoe kijiko kila wiki, sawa, awe nani awe nani. Lakini kopo lisirudishe kwa kila mtu. Litoe kwa nyumba yenye mzazi aliyejifungua karibuni, nyumba yenye mgonjwa, nyumba yenye msiba, na litoe la kutosha. Kamati itaamua, na kamati itahojiwa. Na mtu asimshukuru mwuzaji kwa kitu hicho, kwa kuwa mwuzaji atakuwa anashika kijiko tu.

"Na tusipokuwa na mzazi wala mgonjwa?" akauliza Kasmir.

"Basi umeshapata nyongeza yako, ndugu yangu. Afya."

Wakapiga kura. Kisha wakapiga ya Salem, na mikono ilipanda yote. Kasmir alipandisha miwili mpaka akaambiwa ashushe mmoja.

Jumatatu duka lilifunguliwa kama kawaida, na foleni ilifika kona. Kila mtu alipimiwa nusu kilo, akachukua kijiko cha shaba kwa mkono wake mwenyewe, akachota katika kifurushi chake, akatia koponi. Wengine walichota kijiko kilichojaa, wengine kisichojaa, na mke wa karani mkuu alichota viwili akidhani hakuna aliyemwona. Hakuna aliyeuliza kama Ami amenuna. Alasiri kopo lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na wa mwisho katika foleni alikuwa Winifrida, ametoka kazini na karatasi ya kamati mkononi.

Akatia kijiko chake. Kisha akazunguka kaunta, akaingia ndani, akamwambia Salem, "Toka huko."

"Nimefanya nini tena?"

"Toka, Ami. Simama pale wanaposimama watu."

Salem akatoka. Alisimama upande wa pili wa kaunta, mahali alipopatazama maisha yake yote na ambapo hakuwahi kusimama kununua. Duka lilionekana kubwa zaidi kutoka pale. Nyuma yake watu walikuwa wamekusanyika, Kasmir, Bi Mboni, na Saadiya, ambaye aliitwa bila kuambiwa sababu. Winifrida akasoma karatasi yake: nyumba ya kwanza ni ya Salem Mbaruk, iliyokaa miezi mitano bila sukari. Akachukua karatasi ya kufungia, akapima kutoka koponi nusu kilo, taratibu, kwa kusitasita, kwa kuwa mizani hakuizoea, mpaka mshale ukasimama katikati kabisa. Akaanza kukunja.

Salem alikitazama kile kifurushi. Akamtazama mwenyekiti.

"Mama Theophil," akasema, "umenuna?"

Winifrida akasimamisha mikono. Kisha akacheka kicheko ambacho mtaa haukujua kwamba anacho, akafungua karatasi, akachovya kijiko cha Mzee Mbaruk, akamwongezea. Watu wakapiga makofi, na wakati wanapiga makofi Salem alibaki ameshika kifurushi kwa mikono miwili, akitafuta lile neno ambalo wengine humwambia yeye. Alilijua. Alikuwa amelisikia mara laki moja. "Ahsante," akasema mwisho. "Mungu awazidishie."

"Atuzidishie sote," mtaa mzima ukajibu.

Alasiri ile Saadiya alipika chai barazani, mbele ya macho ya watu, akatia vijiko vitatu, akafikiri kidogo, akatia na cha nne.